Njia ya Ndani Haipimwi kwa Macho: Mhadhara Kuhusu Fupanyonga

Mabibi na mabwana, naomba kila mmoja aweke mikono kiunoni. Ule ukingo mgumu mnaougusa ndio sehemu ya juu ya fupanyonga. Sasa kalieni viganja vyenu. Yale mafundo mawili ya mfupa yanayobana vidole ndiyo yanayobeba uzito wenu hapo kitini.

Fupanyonga ni pete. Kulia na kushoto kuna mifupa ya nyonga, nyuma kuna sakramu, yaani pingili 5 za mgongo zilizoungana, na chini yake kifandugu. Mbele, mifupa hiyo miwili hukutana kwenye kinena, ikishikanishwa na gegedu, yaani mfupa laini. Kwa mtoto, kila mfupa wa nyonga huwa bado ni mifupa mitatu, inayokutana katika kikombe kinachopokea kichwa cha mfupa wa paja. Huungana kabisa ujanani.

Kwa kuwa ni pete, ikivunjika mahali pamoja daktari hutafuta pa pili. Ndani yake hupita mishipa mikubwa ya damu, na majeruhi anaweza kupoteza lita kadhaa bila tone kuonekana nje. Kwa hiyo mtu aliyegongwa akalalamika nyonga, msimsimamishe, wala msimtikise nyonga ili kuona kama imevunjika. Itisheni msaada, mwacheni alale kimya.

Simameni kwa mguu mmoja, wanaoweza. Mbona nyonga ya upande ulioinuliwa haikuanguka? Misuli iliyo ubavuni mwa kitako, upande wa mguu uliobaki chini, imeivuta ikae sawa. Kila hatua mnayopiga hurudia kazi hiyo. Misuli hiyo ikidhoofika, mtu huyumba anapotembea, na wengi hulaumu goti.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hapa. Wanawake wengi huambiwa, "Wewe una nyonga pana, utazaa bila shida," na mwembamba hutishwa. Hayo ni makosa. Upana unaoonekana nje ni wa mbawa za juu za mfupa, misuli na mafuta. Mtoto hapiti huko. Hupita kwenye tundu la ndani, na tundu hilo lina umbo la ajabu: mlango wake wa juu kwa kawaida una takriban sentimita 13 kutoka kulia hadi kushoto, lakini kama 11 tu kutoka mbele hadi nyuma. Mlango wa chini ni kinyume, mrefu zaidi kutoka mbele kwenda nyuma. Ndiyo maana mtoto mara nyingi huingia akiwa ametazama ubavu wa mama, kisha akiwa njiani hugeuza kichwa kuelekea mgongo wa mama. Mifupa ya fuvu lake hupandana kidogo, kifandugu cha mama husogea nyuma, na gegedu la kinena, lililolegezwa na homoni za ujauzito, huachia milimita chache.

Milimita hizo ndizo zinazomuuma mjamzito anapogeuka kitandani au kupanda ngazi. Asiitwe mvivu.

Na hata tukiijua mifupa, bado kuna ukubwa wa kichwa, mkao wa mtoto na nguvu ya uchungu. Mara nyingi ni uchungu wenyewe unaotuonyesha kama njia inatosha, ndiyo maana mkunga hufuatilia jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka na kichwa kinavyoshuka, saa baada ya saa.

Chini ya pete kuna sakafu ya misuli inayoshikilia kibofu, puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana), na kwa mwanamke, mji wa mimba. Hutanuka sana wakati wa kuzaa. Mkojo ukivuja unapokohoa au kucheka, wala si jambo la kuvumilia kwa sababu tu umezaa. Na wanaume hupatwa nalo pia, hasa baada ya upasuaji wa tezi dume. Zoezi lake ni hili: kaza misuli hiyo ya sakafu kana kwamba unazuia hewa isitoke, shikilia sekunde chache huku ukipumua, kisha legeza kabisa. Kulegeza ni nusu ya zoezi. Usilifanye ukiwa unakojoa, kibofu kinaweza kubakiza mkojo. Lipe angalau miezi mitatu, kila siku, na kama huna hakika unakaza misuli ipi, mtaalamu wa fiziotherapia atakuelekeza.