"Everybody know" au "everybody knows"? Tuliweke sawa

Habari zenu watazamaji, karibuni. Shika kalamu na daftari, maana somo hili ni la kuandika. Leo tunashughulikia vile viwakilishi vya Kiingereza visivyotaja mtu wala kitu mahususi: "everybody", "something", "each", "none" na wenzao. Hapa Nairobi "everybody know" utaisikia stejini, ofisini, na hata kwenye barua ya kuomba kazi.

Hatua ya kwanza: tazama mkia wa neno. Likiishia "-body", "-one" au "-thing", kitenzi ni cha umoja. "Everybody knows." "Something is burning." Ndiyo, wanaozungumziwa ni wengi, lakini hata sisi husema "kila mtu anajua", hatusemi "kila mtu wanajua".

Hatua ya pili ni "each", na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi huteleza. Soma sentensi iliyo kwenye skrini: "Each of the matatus at Railways ___ a conductor." Ni "have" ama "has"? Jicho linavutwa na "matatus" kwa kuwa iko jirani na pengo. Sasa kata kila kitu kuanzia "of" hadi mwanzo wa pengo. Imebaki "Each ___ a conductor". Jibu ni "has". Ujanja huohuo unafaa kwa "one of": "One of my sisters works in Westlands." Na hiyo "s" ya "sisters" usiimeze! "One of my sister" ni kosa tunalolipenda mno. Unamtaja mmoja kati ya kadhaa, basi hao kadhaa lazima waonekane.

"Both", "many", "few" na "several" ni wingi daima. Tusonge.

Hatua ya tatu: "some", "all" na "most". Hapa usikate, fanya kinyume chake: angalia kilichofuata "of". Sukuma haihesabiki kwa Kiingereza, kwa hivyo "all of the sukuma is sold". Maembe yanahesabika: "all of the mangoes are sold".

Hatua ya nne, kukanusha. Sisi husema "hakuja mtu yeyote", kitenzi kikabeba kanusho. Ukihamisha mazoea hayo unapata "nobody didn't come", ambayo kwa Kiingereza sanifu inamaanisha wote walikuja! Kanusho ni moja tu kwa kila kauli. Ama "nobody came", ama "I didn't see anybody". Chagua.

Simamisha video hapa ujaze mapengo, ukitumia "was" au "were":

"Neither of the boys ___ late."
"Some of the water ___ dirty."
"Some of the passengers ___ angry."

Umemaliza? Ya kwanza "was", kwa sababu "neither" hufuata njia ya "each". Ya pili "was", maji hayahesabiki. Ya tatu "were".