Je, Huyu Ndiye Joseph Smith?

Ndugu wasikilizaji, Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Umormoni, aliuawa kwa risasi kwenye jela ya Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844. Dagereotipu, njia ya mwanzo ya kupiga picha juu ya bamba la chuma, ilikuwa imetangazwa Paris tangu 1839, hivyo alikuwa na muda wa kupigwa picha. Mwaka 2022 ikachapishwa moja, ndogo mno, iliyokutwa ndani ya kidani kilichokuwa mikononi mwa kizazi chake. Ubishi kama aliyemo ni yeye haujaisha hadi leo.

Tuanze na bamba lenyewe. Dagereotipu haina negativu, yaani nakala ya kinyume ya kutolea picha nyingine. Ni bamba la shaba lenye tabaka la fedha, likasuguliwa mpaka likang'aa, likafukizwa kwa mvuke wa iodini, likaingizwa kwenye kamera, kisha picha ikatokezwa kwa mvuke wa zebaki. Mchunguzi huliinamisha polepole chini ya taa: kwa pembe hii uso unaonekana, kwa pembe ile giza na mwanga vinabadilishana nafasi. Asiliguse kwa kidole wala kwa pamba, maana chembe za picha zimekaa juu juu na zikifutika hazirudi.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kwa kawaida picha hiyo hutoka kinyume, kushoto kukawa kulia. Ukitaka kuilinganisha na mchoro wa rangi, au na sura ya plasta iliyochukuliwa kwenye maiti ya Smith, ipindue kwanza. Usipoipindua, pua iliyoelekea kushoto utaiona imeelekea kulia, na vipimo vyote ulivyochukua ni kazi bure. Vifungo vya koti vitakusaidia: koti la kiume likionekana limefungwa kama la kike, basi picha bado iko kinyume.

Hata hivyo plasta nayo siitegemei sana. Maiti amelazwa chali, misuli imelegea, na uzito wa plasta huikandamiza ngozi. Mashavu na midomo haviwezi kubaki vilevile.

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani kanisa la Wamormoni, lilikubali kwamba vifaa na ufundi vinalingana na miaka ya 1840, lakini likakataa kutamka aliyemo ni nani, kwa kuwa historia ya kidani kabla ya 1992 haijulikani kwa uhakika. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa haki. Kemia inakupa umri wa bamba. Jina la mtu halimo ndani ya fedha. Kinachohitajika sasa ni karatasi ya zamani inayokitaja kidani hicho: wosia, barua, au orodha ya mirathi.