Kiredio cha Memori Kadi na Somo la Kidato cha Kwanza

Ndugu walimu na wazazi mliofika,

Katika kivuko kiendacho Nansio hakosekani kijana mwenye kiredio cha memori kadi, akisikiliza Bongo Fleva tangu Mwanza mpaka Ukerewe. Nawaomba mkitazame chombo hicho kwa jicho la ualimu: tuwarekodie wanafunzi wa Kidato cha Kwanza masomo, wayasikilize humo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani kiliwagawia wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza iPod, chombo kidogo cha kusikilizia muziki ambacho kampuni ya Apple ilikuwa imekitoa mwaka 2001. Sisi wenyewe, mwaka 1973, tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima vikundi kwa vikundi kusikiliza redio. Lakini redio ilisema ikapita, na aliyechelewa kutoka shamba alikuwa ameshakosa.

Kurudia ndiko kulikonileta hapa. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakuta Biolojia na Jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza, mara nyingi hashindwi kwa kukosa akili, bali kwa sababu mwalimu akifika sentensi ya tatu yeye bado anahangaika na ya kwanza. Akiwa na kiredio husimamisha, hurudisha nyuma, huandika alichosikia, kisha hulinganisha na kitabu, wala hakuna wa kumcheka.

Gharama haitishi. Sauti ya mtu iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takribani megabaiti 29 kwa saa, hivyo gigabaiti moja hubeba zaidi ya saa 30 za masomo, bila bando na bila zile hofu tulizonazo kuhusu simu shuleni. (Vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo wanaijua kazi hii kutuzidi, tusione haya kuwauliza.)

Kazi kubwa ni kurekodi. Kipindi kizima cha dakika 40 hakifai kusikilizwa hivyo. Rekodi dakika tano, jambo moja, kwa Kiingereza cha taratibu. Uliza swali, nyamaza kwa muda wa kutosha mwanafunzi kujibu, ndipo utoe jibu. Usirekodi mvua inaponyesha juu ya bati. Simu unayorekodia iweke juu ya daftari au kitambaa, kwa kuwa meza tupu hupokea kila mtikisiko. Tena, viredio vingi visivyo na kioo hupiga mafaili kwa mfuatano yalivyonakiliwa, kwa hiyo nakili somo moja baada ya jingine, na kila rekodi ianze kwa kutaja namba na mada yake kwa sauti.

Michoro na hesabu ndefu zibaki ubaoni. Na kila mlichorekodi kiandikwe pia kwenye karatasi, ili mwanafunzi asiyesikia vizuri apate somo lile lile siku ile ile.