Mtamba, Mbuguma, Maksai: Tumwite Ng'ombe kwa Jina Lake

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wafugaji, habari za asubuhi.

Juzi mama mmoja alinipigia simu: "Daktari, nimepata ng'ombe jike, njoo umhimilishe, umpandikize mbegu." Nikamuuliza, jike gani, mama? "Jike tu." Nikafunga safari huku sijui nakwenda kukuta nini. Ng'ombe ni jina la wote, dume kwa jike, mkubwa kwa mdogo. Ukilitumia peke yake mnadani, yaliyobaki atayajaza muuzaji, na atayajaza kwa faida yake.

Ndama ni mtoto, awe dume au jike. Jike akishaachishwa kunyonya na kukua, anakuwa mtamba, na atabaki mtamba hadi azae mara ya kwanza. Hata akiwa na mimba ya miezi minane bado ni mtamba, ila hapo bei yake imepanda. Akishazaa, wazee walimwita mbuguma. Neno hili linapotea, nami linaniuma, kwa sababu linasema kwa mkupuo mmoja kwamba uzazi wa huyu umeshaonekana. Asiyeshika mimba kabisa ni tasa.

Upande wa madume, njeku ni fahali kijana, fahali ni dume kamili la mbegu, na aliyehasiwa ni maksai. Mnajua mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini maksai wawili watavuta plau moja tangu alfajiri, bega kwa bega. Tahadhari: anayehasiwa kwa koleo la burdizo hachanwi ngozi. Mishipa inapondwa kwa ndani, mfuko wa kokwa unabaki unaning'inia, na kwa mbali utadhani ni fahali. Pitisha mkono. Kama kokwa zimesinyaa, hapo huna dume la mbegu.

Sasa niwaeleze lililonipata mimi mwenyewe. Nilipoanza kufuga nilinunua mtamba mzuri, mpana kifuani, ngozi inang'aa. Mwaka wa kwanza hakuonyesha joto, yaani dalili za kutaka dume. Wa pili vilevile. Majani nakata, pumba nanunua, majirani wananiambia ng'ombe wa maskini hazai. Baadaye ndipo nikasikia kwamba alizaliwa pacha na dume, na aliyeniuzia alilijua hilo.

Ndugu zangu, hili lishikeni. Mapacha wa dume na jike wakiwa tumboni, mara nyingi mishipa ya damu ya makondo yao ya nyuma huungana, damu ikachanganyika, na homoni za dume zikaharibu viungo vya uzazi vya dada yake vikiwa bado vinajengeka. Majike kama hao, zaidi ya tisa katika kila kumi ni tasa. Kwa nje ni mtamba, kwa ndani hana pa kubebea ndama. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: alizaliwa peke yake?

La pili, mfungue kinywa. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, basi tazama taya la chini, ambako yako manane. Ndama ana meno madogo ya utoto. Jozi ya kwanza ya meno mapana huota akikaribia miaka miwili au kuipita kidogo, kisha jozi nyingine zinafuata. Ukikuta yote manane ni mapana, huyo ana miaka minne au zaidi. Sasa mtu akikuambia huyo ni mtamba, muulize miaka yote hiyo alikuwa anangoja nini. Ama ni tasa, ama ni mbuguma anayeuzwa kwa jina la ujana. Chuchu zitakuambia: za mtamba ni fupi na ngumu kidogo, za aliyekwisha kunyonyesha zimerefuka na kulegea.

Pale nje zizini wamefungwa watatu, na mwenye nao ameturuhusu. Twendeni. Kila mmoja afungue kinywa, apapase, kisha aniambie yupi ni nani.