Eafraya jikoni kwako: tupime kwanza, ndipo ununue

Karibu jikoni kwangu hapa Migosi, Kisumu. Kila ninapopika mbele ya kamera, kuna mtu ananiuliza: dada, ninunue eafraya, ile mashine ya stima inayopika kwa hewa moto na mafuta kidogo, au niachane nayo? Leo silijibu swali hilo kwa mdomo. Tutapiga hesabu ya stima, tutakata viazi, tutampika ngege (tilapia) mzima, na wewe mwenyewe utaona kama pesa zako zinafaa kwenda huko.

Hatua ya kwanza haihitaji mashine. Chukua kalamu na karatasi, uandike vyakula vyote mlivyokula nyumbani wiki iliyopita. Andika mlichokula kweli, si unachotamani kupika. Kisha weka alama kwenye kila kilichoingia kwenye mafuta mengi: samaki, chipsi, kuku, samosa, soseji. Ugali haupati alama. Sukuma wiki, maharagwe, nyoyo (mahindi na maharagwe), wali, omena (dagaa) wa mchuzi, hivyo vyote ni vya sufuria na vitabaki vya sufuria. Ukiona alama hazifiki tatu kwa wiki, mashine hii itakaa kwenye kabati ikikusanya vumbi, na hilo nakuambia mapema kabla hujavutiwa na picha za dukani. Weka karatasi hiyo karibu, tutaihitaji.

Sasa tazama hapa ndani. Nimetoa kapu, naelekeza kamera juu. Unaona ile koili iliyojikunja? Hiyo ndiyo inayotoa moto. Nyuma yake kuna feni. Feni inaisukuma hewa moto kwa kasi, inazunguka chakula na kupita kwenye matundu ya kapu. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote. Ni oveni ndogo yenye upepo mkali. Philips waliiingiza sokoni mwaka 2010 kwa jina Airfryer, na tangu hapo kampuni nyingi zimetengeneza za kwao kwa mtindo huohuo. Shika mambo mawili: hewa inataka njia, na chakula kinatakiwa kiwe kikavu juu. Karibu kila anayelalamika kwamba chipsi zake zimelegea, amekosea moja kati ya hayo.

Hatua ya pili, stima. Geuza mashine usome kibandiko chake. Nyingi za nyumbani ni kati ya wati 1,400 na 1,700. Hii yangu tuseme 1,500. Uniti moja ya stima ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo ukiiwasha dakika 25 haiwezi kula zaidi ya uniti 0.63. Kwa kawaida inakula chini ya hapo, maana ikishafikia joto koili huzima na kuwaka yenyewe.

Fungua ujumbe wa tokeni, yaani wa stima uliyolipia kabla, kwenye simu yako. Gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa. Mfano, ukilipa shilingi 500 ukapata uniti 17, kila uniti imekugharimu kama shilingi 29. Mapishi yetu ya dakika 25 hapo ni kama shilingi 18. Usitumie hesabu ya jirani, tumia ujumbe wako, kwa sababu bei haifanani kwa wote.

Na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi hawaambiwi. Tangu Aprili 2023, bei ile nafuu kabisa ya stima za nyumbani ni ya wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Zamani mpaka huo ulikuwa uniti 100. Ukiwa unaishi kwa taa, televisheni na kuchaji simu, pengine uko chini ya 30. Eafraya ikiwashwa kila siku kwa dakika 25 inaweza kuongeza uniti kama 18 kwa mwezi. Ukivuka mpaka, si eafraya peke yake inayolipiwa bei ya juu, hata taa zako zinapanda nayo. Kwa nyumba ya namna hiyo, mimi naona eafraya ya kila siku ni mzigo. Mara mbili kwa wiki, sawa. Na kama mnatumia mita moja na wapangaji wengine kwenye ploti, ongeeni kwanza na mwenye nyumba, msije mkagombana mwisho wa mwezi.

Bado tuko kwenye stima. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni zile nyembamba za bei rahisi ziache kwa simu. Plagi zetu ni za ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni kama wati 3,100. Ukiweka eafraya ya wati 1,500 na birika la stima la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja, umeshapita. Waya unapata moto kabla hujanusa chochote. Gusa plagi baada ya dakika kumi: vuguvugu si tatizo, lakini ikichoma vidole zima uite fundi aangalie soketi.

Hatua ya tatu, dukani. Acha kwanza kusoma lita. Lita zinahesabiwa kwa ujazo wa chombo chote, na wewe huwezi kukijaza chombo chote, hewa itapita wapi? Cha kutazama ni sakafu ya kapu. Nyumbani, pima samaki wa kawaida mnayemla kwa kipande cha uzi, kuanzia mdomo hadi mkia. Beba ule uzi dukani, mwambie muuzaji akutolee kapu, na uutandaze ndani kutoka pembe hadi pembe. Makapu ya mraba yanapokea samaki kuliko ya duara. Halafu vuta kapu na kulirudisha mara kadhaa, uone kama mshikio umelegea. Angalia alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), uliza waranti ni ya muda gani, na uombe risiti. Vitufe vingi vyenye picha za keki na kamba wa baharini visikupandishie bei. Utatumia joto na dakika tu, basi.

Familia ya watu wawili hadi wanne inatosheka na kapu la kadiri. Mkiwa saba au nane mezani, nakwambia wazi, utapika awamu tatu, na wa kwanza atakuwa ameshaosha mikono wakati wa mwisho anangoja. Karai la mafuta bado linaishinda mashine hii kwa kulisha watu wengi kwa mara moja.

Ukifika nayo nyumbani, toa plastiki zote na karatasi zilizofichwa chini ya kapu, osha kapu, iwashe ikiwa tupu kwa digrii 200 kama dakika 15, madirisha wazi. Itanuka kidogo. Iache nafasi ya kiganja nyuma, ukutani, maana hewa moto inatokea huko. Na usiiweke juu ya jiko la gesi hata kama limezimwa.

Haya, viazi. Hivi ni vya aina ya Shangi, ndivyo utakavyovikuta kwa mama mboga mara nyingi, vikitoka pande za Molo na Nyandarua. Shangi vinaiva upesi na vinalainika upesi, kwa hiyo usivikate vyembamba. Unene wa kidole cha shahada, vyote sawasawa. Nusu kilo inatosha kapu hili. Sasa tazama maji: nikivisuuza mara ya kwanza, maji yanakuwa meupe. Ule weupe ni wanga, na ndio unaovifanya vigandane na kuungua rangi kabla havijaiva. Badilisha maji mpaka uone chini ya beseni. Kisha viloweke nusu saa kwenye maji baridi.

Hapa ndipo watu wanapoharakisha. Vikaushe. Si kuvichuja tu kwenye kung'uto, vitandaze kwenye taulo safi, funika na upande mwingine, bonyeza. Kiazi kikishikwa kisiache unyevu kidoleni. Ndipo uweke kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, uchanganye kwa mkono hadi kila kipande king'ae. Chumvi bado, chumvi itavuta maji. Mimina kapuni, lisipite nusu. Digrii 180, dakika 12.

Vuta kapu, ukung'ute. Sikia sauti hiyo: inadunda, nzito, maana bado ni vibichi ndani. Rudisha, pandisha 200, dakika nane. Sasa kung'uta tena. Umesikia? Inalia kavu, vinagongana. Sauti hiyo naiamini kuliko saa ya mashine. Vitoe vikiwa na rangi ya dhahabu, visifike kahawia iliyoiva sana, kwa sababu viazi vikibabuka hutengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo wataalamu wa Sweden waliitangaza mwaka 2002 kuwa imo kwenye vyakula vya wanga vilivyopikwa kwa moto mkali. Eafraya haikuepushi na hiyo ukiunguza. Nyunyiza chumvi sasa, ule vikiwa moto. Vikipoa vinalegea haraka kuliko vya karai, na hapo karai lina haki yake.

Samaki ndio sababu yangu kubwa ya kuwa na mashine hii. Ngege huyu ametoka Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, asubuhi, muuzaji amemparua magamba na kumtoa matumbo. Mchanje mara tatu kila upande, kisu kifike mfupani, kwa mshazari. Paka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, ndani ya tumbo pia. Muache dakika 20. Atatoa maji. Mfute kwa karatasi ya jikoni, kote, hasa kwenye zile chanjo, na uondoe vipande vya kitunguu saumu vilivyobaki nje maana vitaungua na kuwa vichungu. Kisha mpake mafuta kwa brashi, kijiko kimoja kinatosha mwili mzima, na kapu nalo ulipake.

Washa mashine tupu kwa digrii 200, dakika nne. Muweke samaki kwenye kapu lenye moto. Dakika kumi. Usimguse kabla, ngozi ambayo haijakauka itabaki kapuni. Sasa naingiza mwiko bapa chini yake… unaona, anaachia mwenyewe. Mgeuze, dakika nyingine saba. Jicho limekuwa jeupe kabisa, na nikifungua chanjo ya katikati, nyama inaachana na mfupa bila kulazimishwa. Ameiva. Kama samaki ni mrefu kuliko kapu, mkate katikati ulaze vipande sambamba, usimkunje mkia.

Ladha? Nyama ndani ina maji yake, tamu. Ngozi ni kavu na inavunjika, lakini haina yale malengelenge ya mafuta yanayochemka. Anayempenda ngege wa karai pale Dunga atatambua tofauti, na simlaumu. Mimi humalizia kwenye sufuria: kitunguu, nyanya zilizoiva sana, dania, maji kidogo, samaki anaingia dakika tatu za mwisho. Kwa ugali, mezani hakuna aliyewahi kuulizia mafuta. Mbuta (sangara) ana mafuta mengi, yakidondoka chini yatafuka moshi, kwa hiyo mimina vijiko viwili vya maji kwenye droo chini ya kapu.

Vingine nitavipitia mbio. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza hadi alainike, ndipo umwingize dakika 12 apate rangi, bila kuchemshwa atakuwa mgumu kama kamba. Kuku wa kisasa aingie mbichi, mabawa dakika 20 kwa 200, ukichoma kisu maji yatoke meupe bila damu. Samosa paka mafuta, 180, dakika kumi. Bhajia za uji wa unga, usijaribu, uji unachuruzika kwenye matundu. Mandazi yanatoka mikate midogo mizuri, ila si mandazi. Chipsi na samosa za jana zinafufuka kwa dakika nne.

Rudi kwenye karatasi yako. Futa alama za bhajia na mandazi. Zikibaki tatu au zaidi, mko wachache mezani na soketi yako ni nzima, nunua, utaona chupa ya mafuta inavyodumu. Kama bado huna jiko la gesi, anza na gesi.

Usafi. Subiri kapu lipoe, liloweke kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tumia sponji laini. Stilwaya itakwangua ule utando usioshika chakula. Baada ya samaki, pindua mashine ikiwa imechomolewa na kupoa, ufute koili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, la sivyo chipsi za kesho zitanukia ngege. Usiitumbukize majini. Na isiachwe kwenye soketi usiku, hasa wakati wa mvua, maana huku magharibi mwa Kenya mvua huja na radi.