Mikono Mia Tatu, Mwiko Mmoja

Mhadhara kwa wapishi wa shughuli, wenye kumbi, ma-MC na wanakamati wa harusi, Tanga

Bwana Mwenyekiti, mama zangu wapishi, ndugu zangu ma-MC, itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika arobaini, na harufu ya pilau imenitangulia kufika humu ndani, kwa hiyo najua nashindana na nani.

Mada niliyopewa ni usafi na ustaarabu kwenye bufee. Mimi nitaisoma kama kitu kimoja, maana mezani pale ukikosa ustaarabu umeshakosa usafi, hata kama umevaa suti iliyotoka kwa dobi jana.

Tukisema usafi wa chakula, watu wanakimbilia jikoni: sufuria, inzi, maji. Majikoni kwenu nimepita na wengi mko vizuri. Leo nataka tusimame kwenye zile hatua chache kati ya zinapopangwa sahani na yanapokaa matunda. Hapo mpishi anaona kazi yake imekwisha, na mgeni hajaanza kula. Pale katikati hapana mwenyewe, na magonjwa hupenda mahali pasipo na mwenyewe.

Sisi watu wa Pwani tulikuwa na utaratibu wetu, na wengi humu bado tunao. Sinia moja, watu wanne, watano, wakizidi sita. Kabla ya chakula kijana anapita na birika na bakuli, mnanawa mbele za watu, na asiyenawa anaonekana. Mnakula kwa mkono wa kulia, kila mtu kilicho mbele yake. Anayevuka mpaka kwenda kuchimba nyama upande wa mwenzake anakatwa jicho na shangazi mpaka anatamani ardhi ipasuke. Sisemi sinia halina vijidudu. Nasema akiwepo mgonjwa mmoja pale, walio hatarini ni watano anaokula nao, na wa sinia la pili wamesalimika.

Bufee ikaja. Meza tukaipokea, adabu zake hatukuzipokea, na za kwetu tukaziweka kando. Birika limeondoka kwa sababu eti siku hizi tunakula kwa uma na kijiko. Haya, na mwiko wa kupakulia unashikwa na nini? Ukumbini wana wageni mia tatu, mwiko wa wali ni mmoja. Kila mgeni anashika mpini ule ule, kisha anakwenda kumega chapati au kunyanyua paja la kuku kwa vidole vile vile. Mnakula kwa uma, lakini mmepeana mikono watu mia tatu kabla ya kuketi, na mliyempa wa kwanza ametoka msalani.

Simameni siku moja pembeni ya bufee muangalie, msile kwanza. Dada amefika kwenye mchuzi. Mkono wa kushoto una sahani, na juu ya sahani amebana simu kwa kidole gumba, kwa sababu anarusha picha. Anachota, anauachia upawa, upawa unateleza na mpini wake wote unazama kwenye mchuzi. Yeye huyoo, ameshapita. Anakuja kaka, anatazama kushoto, anatazama kulia, hakuna mhudumu. Anatumbukiza vidole viwili, anauvuta, anaufuta kwa tishu aliyokuwa nayo mfukoni, anaurudisha. Aliye nyuma yake ameona kila kitu, na anachota. Mpishi wa mchuzi ule aliamka saa 9 usiku kuosha vyombo kwa maji ya moto.

Mwaka 2020, wakati wa korona, televisheni ya taifa ya Japani, NHK, ilifanya jaribio pamoja na wataalamu wa afya. Waliwaweka watu kumi kwenye chumba kama mgahawa wa bufee, mmoja akapakwa kiganjani rangi isiyoonekana mpaka imulikwe kwa taa maalumu. Hakuambiwa amguse mtu. Wakala, wakachota, wakaongea kama kawaida, nusu saa. Taa ilipowashwa, rangi ilikuwa imewafikia wote kumi, na watatu walikuwa nayo usoni. Ilipita kwenye vibanio vya chakula, vifuniko na jagi za vinywaji. Waliporudia jaribio kwa kubadilisha vibanio mara kwa mara, kumpa mtu mmoja kazi ya kupakua, na watu kusafisha mikono, hakukuwa na rangi usoni kwa mtu hata mmoja.

Wenye meli kubwa za kitalii walishalijua hili kwa uchungu. Kuna kirusi cha kutapika na kuharisha kinachoitwa norovirus, na chembe zake chache sana, hata pungufu ya mia moja, zinatosha kumlaza mtu. Kikizuka melini, moja ya hatua za mwanzo ni kuwazuia abiria wasijipakulie. Wanapakuliwa na wahudumu. Na hapa mnisikilize wenye kumbi mnaoweka chupa ya kitakasa mikono mlangoni mkaona mmemaliza: kirusi hiki kinavumilia spiriti vizuri tu. Kinachokiondoa mikononi ni maji tiririka na sabuni. Kibuyu chirizi cha dumu la lita tano, kikaning'inizwa pale foleni inapoanzia, kina faida kuliko chupa yenye nakshi.

Sasa nimtetee mtu mmoja ambaye hana mtetezi katika nchi hii: mgawa nyama. Mnamjua. Kaka amekaza uso, ana koleo mkononi, vipande viwili, ukimtazama sana anakuongezea mfupa. Tunamnung'unikia, tunasema kamati imefanya ubahili. Kamati ilimweka kwa ajili ya ubahili, ni kweli, lakini bila kukusudia imeweka tabibu. Pale kwenye nyama mikono mia tatu imegeuka mkono mmoja. Ombi langu kuu leo ni kwamba kila chombo kiwe na mgawaji wake: wali, ndizi, mchuzi, kachumbari, matunda. Aliyenawa, aliyefunga nywele, asiyepokea simu wala kushika hela, na asiyeharisha wala kuwa na jipu kidoleni. Mgeni aoneshe anachotaka, apakuliwe. Kiwango aseme yeye, kwa uungwana, maana mgawaji akiwa na roho mbaya tutarudi kwenye ugomvi.

Vile vioo vya kukinga chafya nimeviona kwenye hoteli zetu chache. Mmarekani mmoja mwenye migahawa, Johnny Garneau, alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya meza ya namna hiyo mwaka 1959, kwa hiyo si uvumbuzi wa jana. Vizuri kuwa navyo. Ila kioo kinazuia pua, hakizuii kiganja, na mtoto wa miaka sita uso wake uko chini ya kioo, sambamba na maandazi. Mtoto apakuliwe na mzazi.

Nimesema ya mikono. Ya saa ni makubwa zaidi, na hapa mniwie radhi ma-MC.

Tupige hesabu ya shughuli ya kawaida. Kadi inasema saa 12:00 jioni. Mpishi anataka usalama, chakula kimeiva saa 10. Kinaingia kwenye mahotpoti, kinapakiwa kwenye Kirikuu, saa 11 na nusu kipo ukumbini. Maharusi bado wako ufukweni wanapigwa picha. Wanaingia saa 2 na nusu. Utambulisho: ukoo wa baba, ukoo wa mama, majirani, waliotoka Korogwe, waliotoka Lushoto, waliokwama njiani wanaotarajiwa. Keki. Shampeni. Ndafu anaingia akicheza begani kwa vijana. Kwaito. Chakula kinafunguliwa saa 4 na nusu usiku. Ni saa sita na nusu tangu kiive.

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5. Katikati ya namba hizo mbili bakteria wanazaliana bila kizuizi, na joto la Tanga mwezi wa pili liko katikati pale pale.

Wali ndio wenye siri. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anatoka udongoni na mchele, ana mbegu ambazo kuchemka kwa sufuria hakuziui. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu zinaamka, zinazaliana, na zinatengeneza sumu ya kutapisha. Sumu hiyo ikishakuwemo, kupasha moto hakuiondoi. Ladha haibadiliki, harufu haibadiliki. Mtu anakula, baada ya saa moja mpaka sita anatapika, na anayeshutumiwa ni bibi mwenye kijicho aliyekaa meza ya nyuma. Mchuzi wa nyama kwenye sufuria la lita mia una wake, Clostridium perfringens, anayependa sufuria kubwa kwa sababu linapoa polepole sana. Huyo anaweza kuchukua mpaka siku nzima. Harusi Jumamosi, matumbo Jumapili, na kila mtu anasema ni uchovu wa kucheza.

Kwa hiyo vile vyombo vya bufee vyenye maji chini na vikopo vya moto, kwanza, vimetengenezwa kutunza joto, havikutengenezwa kupasha chakula kilichopoa. Wekeni maji yakiwa yanachemka tayari, washeni mapema, chakula kiingie kikifuka moshi. Chomekeni kipimajoto katikati ya trei, maana pembeni panadanganya. Trei ikipungua iondoeni, leteni nyingine kamili. Msimwage pilau jipya juu ya la zamani, kwa sababu la chini litakaa pale mpaka saa 6 usiku likilindwa na lile jipya. Na mapishi yapangwe kwa zamu, nusu ya wali ipikwe karibu na saa ya kula. Najua kuni zinapanda bei. MC naye akubali kula kuwe kabla ya zawadi. Ndugu wakishiba hata kutunza wanatunza vizuri.

Kachumbari nisiipite. Pale mezani, pamoja na matunda, ndiyo isiyopita motoni, na ndiyo inayokatwa mapema na mikono mingi. Mwaka 2017 jijini Nairobi, makumi ya washiriki wa kongamano la kisayansi la afya waliugua kipindupindu baada ya kula hotelini. Watu wa afya, wenye shahada zao. Kipindupindu hakisomi vyeti. Msimu wa mvua, kama maji yenu hamna uhakika nayo, toeni kabeji ya kupika badala ya kachumbari, na matunda yawe ya kumenywa na mlaji mwenyewe: ndizi, machungwa.

Na ile tabia ya kupakia sahani mlima? Wanenaji wengi hapa huwasema wageni. Mimi nawasema kamati. Mtu wa meza ya ishirini amekwenda harusi nyingi, akifika anakuta wali mkavu na kitunguu kinaelea. Leo amewahi, unataka achote kijiko kimoja kwa imani gani? Anachota cha leo na cha harusi iliyopita. Nusu anaiacha, au anaifungasha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi Juni 2019, watu wanakuja na makopo yao mkobani, na chakula kile kilichokaa mezani saa nyingi kinalala tena kabatini, asubuhi kinakuwa kiporo cha watoto wa shule. Wageni wakijua chakula kitafika meza ya mwisho, mlima unashuka wenyewe. Chakula cha meza za mwisho kitengwe tangu mwanzo, kifunikwe, kikae motoni, na MC atangaze kwamba kipo.

Mengine ni madogo na mnayajua: usichague nyama kwa kuigeuza geuza yote, usihamishe mwiko wa samaki kwenda kwenye maharage, usile ukiwa kwenye foleni, ukitaka kukohoa geukia kiwiko chako na utoke kwanza. Kwa marudio, chukua sahani mpya. Kanuni za chakula za Marekani zinazuia kabisa kurudi bufeni na sahani uliyolia, kwa sababu mwiko unagusa mabaki ya mdomo wako, halafu unarudi kwenye trei ya wote.

Naona mikono. Tuchukue maswali mawili.

Mama pale anasema wagawaji sita ni gharama, kamati haitaongeza hata shilingi. Mama yangu, kamati ile ile imeandika kwenye menyu aina kumi na nne: wali mweupe, pilau, biriani, chipsi, ndizi, tambi. Nani anakula vyote? Ondoeni aina tatu na fedha ya wagawaji imepatikana, na chakula kinachokwenda jalalani kitapungua, maana mkono wa mgawaji haumwagi ovyo. Waambieni kamati hivyo wakati wa kupatana bei, msingoje siku ya shughuli.

Kaka MC anauliza: mgeni rasmi akirudi bufeni na sahani yake ina mifupa, nani wa kumwambia? Hapana wa kumwambia. Mhudumu anasimama mwanzo wa foleni na sahani safi mkononi. Akimwona anakuja anamfuata kwa tabasamu: "Shikamoo mzee, nipokee hiyo, hii hapa nyingine." Anampokea ya mkono wa kushoto, anampa ya mkono wa kulia, na mheshimiwa anaendelea kuongea na balozi wake wa nyumba kumi.