Kosa la Angani Huanzia Kwenye Mrusho

Habari za mchana, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie namna ya kujifunza mtindo mgumu wa yoyo, kile kichezeo cha visahani viwili vilivyounganishwa kwa mhimili, na uzi ukipita kwenye pengo kati yake, na namna ya kuuboresha. Mitindo ni mingi mno, kwa hiyo leo nimeshika mmoja tu: Eli Hops. Wengi wenu mmeuona kwenye video. Yoyo inakaa juu ya uzi kati ya mikono miwili, inaruka juu, inatua palepale, inaruka tena. Hoja yangu ni moja na nitaing'ang'ania mpaka mwisho. Yoyo ikikosa uzi, tusikimbilie kuilaumu mikono iliyotaka kuipokea. Turudi kwenye mrusho, ule wa mwanzo unaoifanya yoyo izunguke.

Tuanze na chombo. Yoyo za kawaida za dukani, zile zinazorudi ukivuta kidogo tu, hazifai kwa kazi hii, kwa sababu uzi ukilegea kidogo zinapanda ghafla na kukugonga vidole. Unahitaji yoyo pana yenye beringi, ambayo hairudi hata uivute vipi. Ili irudi lazima uingize mkunjo wa uzi kwenye pengo lake, na hiyo ndiyo inaitwa baindi. Jifunze baindi kabla ya kitu kingine chochote. Urefu wa uzi upime hivi: weka yoyo sakafuni, vuta uzi ufike usawa wa kitovu au zaidi kidogo, kisha funga kitanzi chako cha kidole.

Historia nitaipitia haraka. Pedro Flores, Mfilipino aliyehamia Marekani, alianzisha kampuni yake ya yoyo California mwaka 1928. Uzi wa yoyo zake haukufungwa kwa fundo kwenye mhimili. Ulizungushiwa tu, na kwa hiyo yoyo iliweza kubaki chini ikizunguka. Beringi zilipokuja baadaye zilipunguza msuguano, na yoyo ikaweza kuzunguka muda mrefu zaidi kwa mrusho mmoja. Mitindo yote ya uzi tunayoifurahia leo inafanyika ndani ya muda huo.

Sasa kiini chenyewe. Aliyecheza mchezo wa pia utotoni anajua kwamba pia ikizunguka kwa kasi husimama wima, na kasi ikipungua huanza kuyumba. Yoyo ni hivyohivyo, ila mhimili wake umelala. Ukiirusha kwa nguvu na ikanyooka, inashikilia mwelekeo wake na pengo lake linabaki sambamba na uzi. Ukiirusha imepinda kidogo tu, ukuta wake mmoja unasugua uzi. Msuguano huo unapunguza kasi na kuzidisha kupinda, na yoyo inaanza kugeuka taratibu upande mmoja. Mruko wa kwanza utatua vizuri, wa pili pia, halafu ghafla yoyo inagonga uzi kwa ukingo na kuanguka. Mchezaji anadhani amekosea mruko ule wa mwisho. Hapana. Alikosea kabla hata ya kuanza kurusha juu.

Angalieni mikono yangu, nitakwenda polepole. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze. Mkono wa kulia ninauinua pembeni, kiwiko karibu usawa wa bega, nimeukunja. Naitupa yoyo nje, inashuka na kupita mbele yangu kuelekea kushoto. Kidole cha shahada cha kushoto kinaukuta uzi karibu na yoyo, yoyo inakizunguka na kutua juu ya uzi. Hii ni trapizi. Ikikupa shida, ni kwa sababu kidole chako kiko mbali na yoyo: ukiacha uzi mrefu, yoyo inapata nafasi kubwa ya kupotea njia.

Kutoka hapo, tanua mikono yote miwili kwa pamoja na kwa nguvu sawa. Ukivuta zaidi kwa mmoja, yoyo itakwenda mshazari. Uzi unakaza, yoyo inaruka. Wengi huishia hapa, mikono imetanuka, na yoyo inapanda sentimita chache tu kisha inaanguka ovyo. Ikishaondoka tu, kutanisha mikono. Uzi utateleza juu ya kidole cha kushoto na kuiachia yoyo nafasi ya kupanda. Kidole hicho kiielekee yoyo, maana kipande cha uzi kinachotoka hapo ndicho bado kimeishika. Kipande hicho kikinyooka, unajua kabisa yoyo itashukia wapi. Ikianza kushuka, tanua tena, uzi uwe chini yake.

Kuboresha ni jambo jingine, na hapa ndipo watu wanakosa subira. Kila unapoanza mazoezi, rusha bila kufanya mtindo wowote. Weka simu pembeni, usawa wa yoyo, urekodi mwendo wa polepole. Unatakiwa uone ukingo na pengo. Ukiona uso mmoja wa yoyo, imepinda, rusha upya. Wachezaji wazoefu hugeuza mwili kuifuata yoyo inayogeuka, na jukwaani ni msaada mkubwa. Kwenye mazoezi mimi siipendi njia hiyo, inafunika kosa tunalotaka kulitibu. Uzi nao ukisokoteka sana utajikunja wenyewe kila unapolegea, kwa hiyo ning'iniza yoyo ijizungushe mpaka msokoto uishe. Mruko ongeza baadaye. Urefu wa mruko bila unyoofu hauna faida.

Kwenye mashindano ya dunia, fainali ya 1A, yaani yoyo moja na mitindo ya uzi, humpa mchezaji dakika 3. Majaji wanahesabu alama kwa vibonyezo mkononi. Yoyo ikipinda katikati, inabidi afanye baindi na kurusha tena, na sekunde hizo hazirudi. Gentry Stein wa Chico, California, ametwaa ubingwa huo mwaka 2014 na 2019. Mtazameni video zake, lakini safari hii achaneni na vidole vyake. Tazameni mrusho wake wa kwanza.

Haya, sogezeni viti nyuma. Kila mmoja amwachie mwenzake nafasi ya mikono miwili. Hatufanyi Eli Hops bado, tunaanza na mrusho wa pembeni, na mwenzako asimame ubavuni akuambie anaona ukingo au uso.